Tairi Lipi kwa Njia Ipi? Somo kwa Wanaosafiri kwa Pikipiki Kati ya Lami na Vumbi

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Safari ya pikipiki katika kata zetu aghalabu haina barabara ya namna moja. Huanzia kwenye lami karibu na makao makuu ya wilaya, huingia kwenye changarawe, kisha huishia kwenye njia ya udongo mweusi wa mbuga ambao wakati wa masika hugeuka kuwa utelezi mtupu. Pikipiki hiyo hiyo humbeba mjamzito anayewahi zahanati, ofisa ugani mwenye sanduku la chanjo za mifugo, na mkulima mwenye gunia la mahindi. Katika mwendo huo wote, kinachoishika ardhi ni vipande viwili vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono.

Pamoja na hayo, wengi wetu hununua tairi kwa kuuliza maswali mawili tu: bei yake ni kiasi gani, na je, lina meno makubwa? Somo la toleo hili linakusudia kuongeza maswali mengine, kwa faida ya madereva wa bodaboda, watumishi wa kata na kila mkazi anayepanda nyuma ya pikipiki.

Kosa lililonifunza

Binafsi nililipata somo hili kwa maumivu kabla ya kulipata kwa kusoma. Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, nilipangiwa kwenda kupiga picha za ujenzi wa zahanati katika kata ya mbali. Njiani kulikuwa na mbuga inayoogopwa na kila dereva. Siku mbili kabla ya safari niliinunulia pikipiki matairi mapya yenye meno marefu yaliyoachana, mbele na nyuma. Mbuga tuliivuka bila kuanguka, nami nikajipongeza.

Wakati wa kurudi, tukiwa tayari kwenye lami na manyunyu yakianza, mbuzi alikatiza mbele yetu. Nilishika breki, tairi la mbele likateleza kana kwamba limewekwa juu ya sabuni, na mimi na mwenzangu tukajikuta chini. Yeye alichubuka goti. Mimi nilikaa majuma sita na mkono uliofungwa bandeji.

Nilipotulia nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga mapema. Safari ya kwenda na kurudi ilikuwa ya kilomita 70, na katika hizo mbuga ilikuwa kilomita 8 tu. Nilikuwa nimechagua tairi kwa ajili ya kilomita 8 nilizoziogopa, nikazisahau 62 nilizozizoea. Matairi yenyewe hayakuwa mabovu. Uchaguzi ndio uliokuwa na kasoro.

Aina tatu za matairi na kazi zake

Sehemu ya tairi inayogusa ardhi, ambayo wengi huiita kashata, ndiyo inayotofautisha aina za matairi. Kwa mahitaji yetu tunaweza kuzigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni matairi ya lami. Meno yake ni mapana, hayakuachana sana, na yana mifereji myembamba ya kupitishia maji. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mpira hugusa barabara, hushika breki vizuri na hudumu muda mrefu. Udhaifu wake huonekana kwenye tope, kwani mifereji hujaa udongo na tairi likabaki kama lililonyoka.

Kundi la pili ni matairi ya njia ngumu. Meno yake ni marefu na yameachana, ili yazame kwenye udongo laini na kuutupa nje tope tairi linapozunguka. Kwenye lami hali hubadilika. Ncha za meno pekee ndizo zinazogusa barabara, nayo meno yenyewe hupinda pikipiki inapokata kona au kushikwa breki. Umbali wa kusimama huongezeka, hasa lami ikiwa na maji, na tairi huisha haraka.

Kundi la tatu ni matairi ya mchanganyiko. Meno yake ni ya urefu wa wastani na nafasi kati yake ni ya wastani. Hayashindi kundi la kwanza kwenye lami wala kundi la pili kwenye tope, lakini hayamwangushi mtu kirahisi kwenye changarawe, vumbi na lami kavu. Kwa anayepita njia zote hizo kwa siku moja, kwa kawaida hili ndilo kundi la kuanzia.

Pima njia yako kabla ya kupima bei

Kwa juma moja, andika kwenye daftari ni kilomita ngapi umepita kwenye lami, ngapi kwenye changarawe au vumbi, na ngapi kwenye tope au mchanga. Mwisho wa juma, jiulize pia ni wapi unapokwenda kwa kasi zaidi na ni wapi unapobeba abiria wengi zaidi. Tope hukuangusha ukiwa katika mwendo wa kutembea. Lami hukuangusha ukiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kwa hiyo njia unayoiogopa si lazima iwe ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwako.

Anayetumia lami kwa sehemu kubwa ya safari zake achague matairi ya lami au ya mchanganyiko, na siku ya mbuga apunguze mwendo, ashushe abiria, au asubiri njia ikauke. Mtumishi anayeishi na kufanya kazi katika kijiji cha mbugani, ambaye lami huiona mara moja kwa mwezi, ana sababu ya kuchagua meno marefu. Lakini siku ya kufika mjini akumbuke kwamba breki zake zinahitaji nafasi zaidi.

Lipo jambo jingine kuhusu tairi la mbele. Unaposhika breki, uzito wa pikipiki husogea mbele, na tairi hilo ndilo linalosimamisha na kuelekeza. Desturi ya kuweka tairi jipya nyuma kwa sababu ndilo linaloisha haraka, huku la mbele likiachwa kipara, inapaswa kukoma.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayomfaa mnunuzi kuliko maneno ya muuzaji. Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 3.00-18 52P.

Namba 3.00 ni upana wa tairi kwa inchi, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Matairi mengine huandikwa kwa namna ya 100/90-17, yaani upana wa milimita 100, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 90 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Tairi la inchi 17 halifungwi kwenye rimu ya inchi 18, hata kama fundi ana nguvu. Vilevile si busara kuzidisha upana kupita ule ulioelekezwa na mtengenezaji, kwa sababu tairi linaweza kusuguana na mnyororo au madigadi.

Namba 52 ni kipimo cha mzigo. Maana yake tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 200. Namba 47 ni kilo 175, na namba 42 ni kilo 150. Herufi P ni kikomo cha mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Hicho ni kipimo cha uwezo wa tairi, si ruhusa ya kukimbia.

Tufanye hesabu. Pikipiki ya kilo 120, dereva wa kilo 70, abiria wa kilo 65 na mzigo wa kilo 50 hufanya jumla ya kilo 305. Ikiwa theluthi mbili ya uzito huo itakaa nyuma, tairi la nyuma litabeba takriban kilo 203, yaani limekwisha kuvuka kikomo cha namba 52. Huyo ni abiria mmoja tu na mzigo wa wastani. Ukiongeza abiria wa pili kwa mtindo wa mishikaki, tairi hulemewa, ubavu hupata joto, na nyuzi za ndani huanza kuachana bila mtu kuona kwa macho.

Angalia pia herufi TT au TL. TT ni tairi la kutumia tyubu. TL ni tairi linaloweza kutumika bila tyubu. Rimu za kawaida za spoki hupitisha upepo kwenye matundu ya spoki, hivyo huhitaji tyubu, na tyubu hiyo iwe ya saizi ya tairi lenyewe.

Tafuta kisha tarakimu nne zilizo ndani ya kijisanduku. Tarakimu 2324 maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na jua huuharakisha. Tairi lenye nyufa ndogo ubavuni likatalie, hata kama meno yake hayajaguswa. Mwisho, tafuta mshale unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka, na uhakikishe fundi ameufuata.

Upepo na siku za mwanzo

Tairi zuri lenye upepo usiofaa ni tairi baya. Kiasi sahihi huandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko kilichopo karibu na gurudumu la nyuma au kwenye kifuniko cha mnyororo. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa geji na si kwa kubonyeza kwa kidole au kupiga teke. Kikundi cha bodaboda kinaweza kununua geji moja ya pamoja na kuiweka kijiweni.

Wapo wanaopunguza upepo ili kuvuka mchanga. Mbinu hiyo husaidia, kwa kuwa tairi hutandaa na kushika eneo kubwa zaidi. Hata hivyo, upepo ukipungua mno, tairi huteleza juu ya rimu, likaivuta tyubu na kung'oa vali. Punguza kidogo, enda taratibu, na urudishe upepo mara ufikapo njia ngumu.

Tairi jipya nalo lina utelezi. Hutoka kiwandani likiwa na ngozi laini isiyoshika vizuri mpaka isuguliwe na barabara. Kwa kilomita 100 za mwanzo, kata kona kwa upole na ushike breki mapema. Hilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile ya mbuzi.

Bei ya tairi na gharama ya tairi

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Baadhi ya vikundi vya vijana hutumia mikopo hiyo kununua pikipiki. Kwa kikundi cha namna hiyo, siku ambayo pikipiki imelala kwa pancha au ajali ni siku ambayo marejesho hayapatikani.

Ndiyo maana tunashauri gharama ipimwe kwa kilomita. Tuchukulie tairi la shilingi 45,000 linadumu kilomita 6,000. Kila kilomita imegharimu shilingi 7.50. Jingine la shilingi 70,000 likidumu kilomita 14,000, kila kilomita imegharimu shilingi 5. Tairi lililoonekana ghali dukani ndilo lililokuwa rahisi barabarani. Andika kilomita za dashibodi siku ya kufunga na siku ya kutoa tairi, nawe utakuwa na ushahidi wako mwenyewe.

Tairi likiisha, usisubiri waya uonekane. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, ambavyo mahali pake huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa pembetatu ndogo. Meno yakilingana na vinundu hivyo, kazi ya tairi imekwisha.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

1. Je, sehemu kubwa ya safari zangu iko kwenye njia gani, na kasi yangu ni kubwa zaidi wapi?
2. Je, saizi inalingana na iliyoelekezwa kwa pikipiki yangu?
3. Je, kipimo cha mzigo kinatosha kwa uzito ninaoubeba kila siku?
4. Je, tairi lilitengenezwa lini, na ubavu wake una nyufa?
5. Je, tairi la mbele lina afya sawa na la nyuma?

Abiria naye ana wajibu. Kabla ya kupanda, tupa jicho kwenye tairi la mbele. Likiwa kipara, una haki ya kutafuta pikipiki nyingine, na dereva muungwana hatakasirika.

Palipo na kalvati lililobomoka au njia iliyokatika, wakazi watoe taarifa kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, ili taarifa hiyo ifikishwe kwa TARURA ikiwa ni barabara ya wilaya, au TANROADS ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa. Barabara hutengenezwa kwa bajeti na kwa zamu. Tairi lako unaweza kulikagua kesho asubuhi, kabla hujawasha pikipiki.