Madhara Hayahalalishwi na Uzee: Somo la Fiqhi Kutoka Kilembe



Sisi tunaotoka Mahango, Bwera na Kasese tumezoea kuuita mgodi wa Kilembe historia. Ulianza kutoa shaba mwaka 1956 kwa mtaji wa wawekezaji wa Kanada, baadaye ukashikwa na serikali, na uchimbaji ukasimama 1982. Je, kusimama kwa kazi kumefuta deni?

Madhara yenyewe

Mabaki ya mawe yaliyosagwa yaliachwa kandokando ya mto Nyamwamba. Yana salfa, yakikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoyeyusha shaba na kobalti. Mafuriko, yakiwamo ya Mei 2013 na Mei 2020, huyazoa kuelekea Ziwa George. Na mchimbaji je? Vumbi la mawe lenye silika, kama asbesto, huacha makovu ya kudumu mapafuni, na ugonjwa waweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi.

Kanuni tatu

Imam Malik amepokea katika Muwatta hadithi inayokataza kudhuru na kudhuriana. Wanazuoni wakajenga kanuni juu yake, na Majalla ya Waosmani (1869–1876) ikaziweka katika vifungu:

1. Madhara sharti yaondolewe.
2. Anayepata faida ya kitu ndiye abebaye hasara yake.
3. Madhara hayawi haki kwa kuwa ni ya zamani.

Kanuni ya tatu inamjibu anayesema "hayo yalikwisha". Ya pili inamfunga kila anayeushika mgodi: akitaka shaba iliyobaki, asiyakimbie mabaki. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 nayo inamtaka mchafuzi alipe.

Wajibu wetu

Lakini fiqhi hiyohiyo inasema ushahidi ni juu ya anayedai. Wazee waliofanya kazi chini ya ardhi wanaondoka mmoja mmoja, na ushahidi unazikwa nao. Likizo hii, kaa na mzee mmoja wa kwenu. Kwa ridhaa yake, andika miaka aliyofanya kazi, sehemu aliyochimba na maradhi yake. Mhimize apigwe picha ya kifua, ahifadhi vyeti vyake. Usimtuhumu mtu kwa dhana, ila usiache haki ipotee kwa uvivu wa kalamu.

Maswali ya halaqa: Nani anadaiwa pale mmiliki anapobadilika? Je, kuyahamishia mabaki kwa jirani ni kuondoa madhara?

Allah awape shifaa wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia. Amin.