Meli ya kitalii au boti ya Msimbati?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna akiba ya likizo. Marafiki wanatushawishi tupande meli ya kitalii wiki nzima. Sisi tunawaza Ghuba ya Mnazi. Ipi ina thamani zaidi? – Msomaji, Masasi

JIBU: Dada, meli inamfaa anayetaka kupikiwa, kutumbuizwa na kulala pale pale huku bandari zikibadilika. Lakini kila bandari huiona kwa saa chache tu, na vinywaji na matembezi ya nchi kavu mara nyingi hulipiwa kando. Ulizeni bei kamili kabla ya kutoa arubuni.

Kama shida yenu ni bahari yenyewe, nendeni Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ina takribani kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko na visiwa. Lipeni kiingilio, kisha kodini boti kwa siku, si kwa wiki.

Chagueni Oktoba au Novemba: upepo wa kusi umelegea, wa kaskazi haujakaza. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali, hivyo pataneni na nahodha saa ya kurudi, boti isije ikakwama mchangani. Kabla ya kulipa, kila mmoja avae jaketi okozi lake na kulifunga. Lisipomkaa mmoja wenu, boti hiyo iacheni. Mkitaka kwenda upande wa mpaka wa Msumbiji, ulizeni kwanza hali ya usalama.

Kwa akiba ya kawaida, mimi ningechagua Msimbati.