Tufuate Habari za Barabara Zetu

Hapa Vuga tunapenda kuzungumza habari za barabara, iwe garini au sokoni Soni. Ni tabia njema. Basi tuongeze jambo moja: tuziandike katika daftari, pamoja na tarehe.

Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Mombo hadi Lushoto, hutunzwa na TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji, tangu mwaka 2017, hutunzwa na TARURA. Lakini barabara ya wilaya inaweza kupandishwa ikawa ya mkoa. Hapo hifadhi yake nayo hupanuka.

Zamani hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22 na nusu kila upande, kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Kumbe nyumba iliyokuwa nje ya hifadhi ikajikuta ndani! Aliyejenga kabla ya upanuzi ana haki ya kudai fidia. Aliyeingia baadaye hana. Mnaona faida ya tarehe?

Tena, muswada si sheria. Muswada husomwa Bungeni mara tatu. Ukipita, Rais akatia sahihi, ndipo unakuwa sheria. Kabla haujapita, Kamati ya Bunge hupokea maoni ya wananchi. Wakati wa kusema ni huo.

Maswali
1. Barabara iliyo karibu nawe hutunzwa na nani?
2. Kutoka katikati yake hadi nyumbani kwako ni mita ngapi? Pima, uandike.