SOMO: Kununua Sproketi ya Mbele Inayolingana na Baiskeli ya Kikundi



Ukipita Dallas hapa mjini Embu utaona baiskeli za milima za mitumba zikibeba mitungi ya maji na sukuma wiki, pamoja na zile Black Mamba zetu za zamani. Baiskeli ya kikundi ni mali ya watu wote. Ikilala kwa fundi wiki nzima, kuna mama ambaye mboga zake zimeozea nyumbani.

Sasa tuseme sproketi ya mbele, yaani lile gurudumu la meno linaloshikana na pedali, imeisha. Mwanachama anatumwa sokoni, anarudi na nyingine inayong'aa. Mashimo ya bolti yanaingia sawa, kila mtu anafurahi. Kesho yake cheni inaanza kulia, halafu inaruka, na mwisho inachomoka akiwa anapanda kwenda Manyatta na mzigo nyuma. Mguu unateleza, mtu anaanguka. Sproketi yenyewe ni nzima kabisa, ila imekaa nje ya mstari wa cheni.

Mstari wa cheni ni nini? Cheni inatakiwa itoke meno ya mbele hadi ya nyuma bila kupinda upande, kama uzi wa fundi mwashi. Ikipinda, inasaga meno upande mmoja na kula nguvu za mwendeshaji.

Kupima si kazi ngumu, rula ya mtoto wa shule inatosha. Anza mbele. Pima unene wa bomba la fremu lililo chini ya kiti, uugawe kwa mbili. Ongeza umbali kutoka ubavu wa bomba hilo hadi katikati ya meno ya sproketi. Kwa mfano bomba ni milimita 32, nusu yake 16, kutoka bomba hadi meno ni 32, jumla 48. Kwenye baiskeli nyingi za milima zenye sproketi tatu mbele, ile ya katikati hukaa kati ya milimita 47.5 na 50, kwa hivyo hapo mko sawa.

Halafu nenda nyuma. Pima nafasi kati ya pande mbili za fremu pale ekseli inaposhikwa. Kama ni milimita 135, nusu ni 67.5. Toa umbali kutoka upande wa ndani wa fremu, kulia, hadi katikati ya rundo la meno. Ukiwa 21, unabaki na 46.5. Mbele 48, nyuma 46.5: tofauti ndogo hivyo haina neno. Ikizidi milimita 5, mimi singetoa pesa ya kikundi.

Wengine huondoa sproketi mbili na kuacha moja tu. Ni sawa, lakini ikae mahali pa ile ya katikati, siyo ya nje. Na fundi akibadilisha ekseli ya pedali, pimeni upya. Ekseli iliyo ndefu kwa milimita 6, ikiwa urefu umegawanyika sawa pande zote mbili, inasukuma mstari nje kwa milimita 3.

Kuhusu bolti, hesabuni kwanza. Kama ni nne, pimeni kutoka katikati ya tundu moja hadi la pili linalotazamana nalo. 104 ni kipimo cha kawaida. Kama ni tano, hakuna matundu yanayotazamana, basi pimeni yaliyo jirani: karibu 64.7 maana yake duara la bolti ni la 110. Baiskeli za bei ya chini huwa na sproketi iliyopigwa ripiti kwenye krenki, hapo mnanunua krenki nzima. Na msikubali sproketi nene ya Black Mamba: haiingii kwenye cheni nyembamba ya gia.

Msisahau cheni. Weka sufuri ya rula, upande wa inchi, katikati ya pini moja, uhesabu nafasi 24. Pini ya mwisho iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikipita kwa milimita moja na nusu, nunueni cheni mpya. Ikipita kwa 3, na meno yameliwa pia. Sproketi mpya na cheni ya zamani vitaharibiana.

YA KUJADILIANA: Leteni baiskeli na rula mkutanoni, kila mmoja apime, kina mama pia. Je, namba zenu zinafanana? Ukiwa na meno 44 mbele na 22 nyuma, gurudumu linazunguka mara 2 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukiweka 32 mbele, ni kama mara moja na nusu tu, na mlima unakuwa mwepesi. Kwa njia na mizigo yenu, mngechagua ipi? Na nani ataandika vipimo kwenye daftari la kikundi kabla mtu hajatumwa sokoni?