Maandalizi ya Mwanaekolojia Katika Shahada ya Kwanza: Nafasi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ekolojia ni taaluma inayochunguza uhusiano wa viumbe wao kwa wao, pamoja na uhusiano wao na mazingira wanamoishi. Katika vyuo vikuu vya Kenya taaluma hii hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, wengi wetu tulio katika idara za Kiswahili hudhani kwamba haituhusu ndewe wala sikio. Azma ya makala haya ni kuonyesha kuwa mwanafunzi anayejiandaa kuwa mwanaekolojia humu nchini huhitaji nguzo tatu: sayansi za msingi, mazoea ya nyanjani na lugha ya watu wanaoishi na viumbe anaowachunguza. Nguzo ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayotugusa sisi.

Nilianza kulitafakari suala hili nilipokuwa katika shahada ya kwanza. Mwenzangu aliyesomea ekolojia aliniomba nimtafsirie hojaji yake kuhusu misitu ya mikoko, kisha nikaandamana naye hadi kijiji kimoja cha Pwani. Swali la kwanza lilihusu ‘huduma za mfumo-ekolojia’. Mzee mmoja aliyewahi kukata boriti alitusikiliza kwa adabu, akauliza, “Huduma za nani, wanangu?” Mwenzangu aliushika mti uliokuwa karibu, akamweleza kuwa alikuwa akiuliza kuhusu faida za mkoko ule. Mzee akatabasamu. “Huo si mkoko, mwanangu. Huo ni mkandaa. Mkoko u kule mbele, majini.” Kosa la tafsiri lilikuwa langu, kosa la jina lilikuwa letu sote.

2.0 Sayansi za Msingi

Mwanafunzi asisubiri kozi yenye jina la ekolojia ndipo aanze kujiandaa. Msingi wake ni botania, zoolojia, kemia, jiografia na hisabati. Profesa Wangari Maathai ni mfano mwema. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata Marekani mwaka wa 1964, na ya uzamili, aliyoipata huko huko mwaka wa 1966, zilikuwa za biolojia. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya uzamifu jijini Nairobi. Alipoanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka wa 1977, aliongeza juu ya sayansi hiyo jambo lisilofunzwa maabarani: kuwasikiliza wanawake wa mashambani wakieleza kuhusu uhaba wa kuni na maji. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Somo linalokimbiwa zaidi ni takwimu. Hata hivyo, bila takwimu mwanaekolojia hawezi kuutetea msitu. Hawezi kuhesabu kila mti. Huteua viwanja vidogo, kwa mfano vya mita 10 kwa 10, akahesabu na kupima miti iliyomo, kisha akakadiria hali ya msitu mzima. Asipojua namna ya kuteua viwanja hivyo bila upendeleo, atapima tu sehemu zinazofikika kwa urahisi, na huenda hizo ndizo zilizokatwa zaidi.

3.0 Mazoea ya Nyanjani

Likizo ndefu zisipite bure. Mwanafunzi anaweza kuomba mafunzo ya kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), Huduma ya Misitu, Shirika la Wanyamapori (KWS) au Makumbusho ya Taifa. Huko atajifunza kukausha na kuhifadhi vielelezo vya mimea, kusoma ramani, na kuweka daftari la kila siku lenye tarehe, mahali na hali ya hewa.

Atajifunza pia kwamba nyanjani kuna saa zake. Katika misitu ya mikoko, kazi hupangwa kwa kufuata kupwa na kujaa kwa maji. Asiyetofautisha bamvua na maji mafu anaweza kuzingirwa na maji akiwa bado anapima. Mvuvi yeyote wa Pwani angemweleza hayo kwa sentensi moja, mradi tu amuulize.

4.0 Lugha Kama Chombo cha Utafiti

Turejee kwa mzee wetu. Katika vitabu vya shule, ‘mikoko’ ni jina la miti yote ya kundi hilo. Kwa wakazi wengi wa Pwani, mkoko ni aina moja tu, yaani Rhizophora mucronata, yenye mizizi inayotokeza shinani kama miguu. Kenya ina aina tisa za miti ya kundi hili. Mlilana (Sonneratia alba) huota upande wa bahari. Mkoko hufuata nyuma yake. Muia (Bruguiera gymnorrhiza) na mkandaa (Ceriops tagal) huelekea nchi kavu. Mchu (Avicennia marina), unaostahimili chumvi nyingi, huonekana pande zote mbili. Mpangilio huo hutokana na chumvi, udongo na muda ambao mizizi hufunikwa na maji. Mtafiti anayeuliza, “Je, mikoko imepungua?” huenda akajibiwa kuhusu aina moja, naye akaandika kuwa amejibiwa kuhusu msitu mzima. Hilo si kosa la sarufi. Ni kosa la data.

Vivyo hivyo kuhusu ukubwa wa miti. Mwanaekolojia hupima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.3. Wakataji wana vipimo vyao kuanzia miti myembamba hadi minene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mzee akisema kwamba siku hizi fito zimejaa ila boriti haipatikani, ametoa taarifa kamili: miti michanga ipo, lakini ile ya ukubwa unaopendwa kwa ujenzi imevunwa kupita kiasi. Mwenye masikio ya lugha atalipeleka dai hilo viwanjani akalipima. Asiye nayo atalichukulia kuwa manung’uniko ya uzee.

Sheria nazo zinadai lugha. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika usimamizi wa mazingira. Mwanakijiji hawezi kushiriki katika jambo aliloelezwa kwa istilahi asizozielewa. Akipiga makofi kikaoni, hajakubali, ameaga.

5.0 Wajibu Wetu

Wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi tatu. Kwanza, tukusanye majina ya mimea na wanyama mahali yanapotumika, kila jina likiambatanishwa na jina la kisayansi, kijiji lilikotoka na kielelezo kilichothibitishwa na mtaalamu, kwani jina moja huweza kubadilika kutoka lahaja hadi lahaja. Pili, kabla ya kuunda istilahi mpya, tuulize kama wavuvi, wafugaji na wakulima hawana neno tayari. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kazi hiyo haina budi kuendelezwa. Tatu, tutafsiri hojaji za wenzetu tukiwa nao, si kwa kuletewa karatasi usiku wa kuamkia safari.

6.0 Hitimisho

Shahada ya kwanza ni miaka minne tu. Mwanafunzi wa ekolojia aitumie kujenga nguzo zote tatu, naye mwanafunzi wa Kiswahili avuke ua hadi idara jirani. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti ni mgeni, na mwenyeji hatapona iwapo mgeni hajui hata jina la mti alioushika.