Ni Taifodi Kweli? Tujifunze Kusoma Dalili za Tumbo na Ini



Tukizunguka vijijini tunasikia maneno mawili kila wakati: taifodi na alsa. Mtu akiumwa na tumbo leo ni taifodi, kesho ni alsa, keshokutwa amerudi kwa kemisti kununua dawa nyingine. Pesa ya kikundi inakwisha na ugonjwa haujajulikana. Katika somo hili tutaangalia dalili za tumbo na za ini. Hatutaki kuwa madaktari. Tunataka tujue wakati wa kungoja na wakati wa kukimbia hospitalini.

Tuanze na jambo lililotupata. Mama mmoja wa kikundi tulichokuwa tukikitembelea alikuja kukopa mara ya tatu kwa sababu ya mzee wake. Mzee alikuwa ametibiwa taifodi mara mbili, vidonge na sindano. Mkopo wa pili sisi wenyewe tuliukubali bila kuuliza swali hata moja. Mara hii mmoja wetu akauliza, "Mama, mkojo wake una rangi gani?" Akajibu, "Ni kama chai ya strungi, Mwalimu. Nilifikiri ni zile dawa."

Tukaenda hadi nyumbani. Tukamtoa mzee nje kwenye mwanga, tukavuta kope ya chini. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa ya manjano kama kiini cha yai. Huko hospitalini walipima damu wakakuta homa ya ini aina ya B, na ini lilikuwa limeanza kuwa na makovu. Mzee yuko hai, anameza dawa kila siku, lakini jembe halishiki kama zamani. Wiki sita zilipotea kwa taifodi ambayo haikuwako.

Basi somo la kwanza ni hili: manjano itafutwe machoni, mchana, nje ya nyumba. Ndani ya nyumba yenye taa ya koroboi huwezi kuiona. Uliza pia juu ya mkojo mweusi kama chai bila maziwa, choo kilichopauka kama udongo mweupe, na ngozi kuwasha mwili mzima. Dalili hizi zinaonyesha kwamba nyongo haipiti njia yake. Kumbuka lakini kwamba malaria kali nayo inaweza kuleta macho ya manjano, kwa hiyo damu ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Mtoto mchanga akiwa wa manjano kabla ya kumaliza siku moja, au manjano ikifika kwenye viganja na nyayo, asiwekwe juani kungoja. Apelekwe.

Homa za ini si moja. Aina ya A na E huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na choo, na nyingi hupona zenyewe, ila aina ya E ni hatari sana kwa mama mjamzito. Aina ya B na C hupita kwa damu. B hupita pia kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaa. Wembe mmoja wa kuchanjia watu watano unatosha kuisambaza. Chanjo ya B imo katika chanjo za watoto hapa Kenya za wiki 6, 10 na 14, kwa hiyo kadi ya kliniki isipotezwe. Mtu mzima akipatikana na B, mwenzi na watoto nao wapimwe. Mke wa yule mzee alipimwa, hakuwa nayo, akachanjwa.

Sasa mahindi. Wengine watashangaa mahindi yanaingiaje katika somo la ini. Mwaka 1981 kule Machakos watu 20 walilazwa wakiwa na ugonjwa wa ini, 12 wakafa. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Chanzo kilikuwa sumu ya ukungu inayoitwa aflatoksini. Watu walivuna mahindi yakiwa mabichi, wakayarundika ndani ya nyumba yasiibwe, yakapata joto na ukungu. Sumu hii haiishi kwa kupika wala kwa kusaga. Ukiila nyingi kwa mara moja inaua ini, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini ya B.

Kikundi kinaweza kupima ukavu bila mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji: yarudishwe juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitolewe. Tafadhali zisipelekwe kwa kuku wala kwa mpishi wa busaa, maana sumu inaingia katika yai na katika kikombe vilevile.

Tuje kwenye tumbo lenyewe. Alsa, yaani vidonda vya tumbo, huchoma kwenye chembe cha moyo, mara nyingi usiku au tumbo likiwa tupu. Zamani tuliambiwa ni mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachokaa tumboni, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho hupimwa kwa choo au pumzi, na hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu pamoja na dawa ya asidi, kwa kawaida wiki mbili bila kuruka siku. Sababu nyingine kubwa ni vidonge vya maungo kama diklofenaki na ibuprofeni. Wazee wetu wanavimeza kama peremende! Dawa nyeupe ya asidi hutuliza tu.

Na taifodi je? Ipo, na inaua. Lakini kile kipimo cha haraka cha damu kiitwacho Widali hudanganya sana, maana mtu aliyeugua zamani, au aliyekutana na vijidudu vinavyofanana, anaweza kuonekana anayo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu katika maabara kubwa. Homa inayopanda siku baada ya siku ndiyo ya kutilia shaka. Tumbo kuchoma bila homa haielekei kuwa taifodi.

Kwa walio Mwea na kando ya Ziwa Victoria, choo chenye damu na tumbo kuvimba polepole kinaweza kuwa kichocho cha utumbo, ambacho pia huharibu ini. Dawa yake ni prazikwanteli.

Mgonjwa asilale nyumbani hata usiku mmoja akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami (isipokuwa anameza vidonge vya kuongeza damu), akiwa na manjano na kuanza kuchanganyikiwa, au tumbo likiwa gumu kama ubao na choo kimefunga. Anayekwama na chakula kooni, au anayekonda bila sababu, naye asingoje mavuno.

Kwa mkutano ujao: kila mmoja alete punje za ghala lake, na mwekahazina alete chupa na chumvi. Halafu mjadiliane. Mkopo wa matibabu ukiombwa mara ya pili kwa mgonjwa yuleyule, nani katika kikundi atakwenda kumwangalia macho kabla pesa hazijatoka?