Kuchora Kama Njia ya Mtoto Kujitambua

Mwalimu achorapo embe ubaoni na kuwaamuru wanafunzi walinakili, hupata maembe arobaini yaliyo sawa, wala hajamfahamu mtoto hata mmoja. Twaona kuwa somo la kuchora lina kazi kubwa zaidi, nayo ni kumwezesha mtoto ajitambue.

Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alieleza kuwa mtoto mdogo hukikuza pichani kile chenye uzito moyoni mwake. Kwa hiyo mkono uliorefushwa kupita kiasi usisahihishwe kwa kalamu nyekundu.

Twashauri hatua hizi:

1. Mwalimu atoe mada inayomhusu mtoto mwenyewe, kama vile "Mimi nikimsaidia mama."

2. Atumie vifaa vilivyo karibu: makaa, udongo wa mfinyanzi, hata kijiti mchangani.

3. Asiiguse kazi ya mtoto.

4. Mwishoni amwambie, "Hebu nieleze picha yako," kisha anyamaze na kusikiliza.

Mwalimu asijitwalie kazi ya kuifasiri picha, wala asiitangaze siri ya mtoto mbele ya darasa. Mtoto aliyefedheheshwa mara moja hatachora tena la moyoni mwake.